Swali la tisa, na vyeti nilivyosaini

Siku ya mwisho ya kongamano la utafiti wa afya ya akili ya watoto, mida ya saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimekaa meza ya mbele nasaini vyeti. Majaji tulikuwa watatu na kila cheti kinataka saini tatu, kwa hiyo binti wa sekretarieti alikuwa anavisogeza kimoja kimoja, huyu mshindi wa kwanza, huyu wa pili, hili bango bora, na mimi nasaini tu huku sikio moja liko kwa MC. Mshindi akaitwa. Kijana akapanda jukwaani, ukumbi mzima makofi na vigelegele, tukasimama nae tukapigwa picha, mimi niko kulia kabisa natabasamu.

Hiyo picha ninayo kwenye simu. Wiki ya sita sasa naifungua na kuifunga.

Maana ukiikuza, pale nyuma karibu na mlango, unamwona dada mmoja na begi mgongoni, kakumbatia bango lake limeviringishwa na kufungwa na kipande cha kanga. Kashageuka anatoka, anawahi basi la usiku.

Huyo dada nilimpa maksi 61 kati ya 100.

## Mabango wakati wa chai

Mnaofanya kazi na watoto mnajua haya makongamano ya afya ya akili yanavyokwenda, sitaeleza sana. Waliochaguliwa kuongea wanapewa jukwaa, projekta, maiki na dakika kumi na tano. Waliochaguliwa kwa mabango, yaani utafiti wao wanaubandika badala ya kuuongelea jukwaani, wanapewa ubao, pini nne, na korido wakati wa chai. Mabango yalikuwa 14 na chai ni dakika 45, piga hesabu mwenyewe, ni dakika tatu na ushee kwa kila bango kama hutasalimiana na mtu njiani. Na nani kwetu hapa anapita bila kusalimia?

Fomu ya maksi ilikuwa ukurasa mmoja, mistari mitano, kila mstari 20: umuhimu wa mada, mbinu za utafiti, matokeo, uwasilishaji, kujibu maswali. Asubuhi nilipopewa nikasema afadhali, fomu fupi, haina maneno mengi.

Bango lake lilikuwa la kumi na moja kwenye zamu yangu. Nafika pale chai inaisha, watu wanarudi ukumbini, mhudumu anakusanya vikombe nyuma yangu.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Haya nieleze, tuna dakika mbili."

Mabango ya wenzake yalikuwa yale ya kuprinti, karatasi moja kubwa inang'aa, nembo juu. La kwake lilikuwa karatasi za A4 kumi na mbili zimebandikwa kwenye manila, maana stationeri ya wilayani kwao haina mashine ya karatasi kubwa. Gundi ilikuwa imekunja kona. Grafu moja tu, zile rangi za Excel ambazo hujazibadilisha. Yeye ni muuguzi wa afya ya akili hospitali ya wilaya, alipita shule chache za sekondari na dodoso la kupima sonona, yaani depression, watoto wenyewe si wengi.

Halafu chini, karibu robo ya bango zima, kulikuwa na jedwali. Sehemu yote ya juu ni Kiingereza ila hilo jedwali ni Kiswahili. Limeandikwa juu yake: *Waliojibu zaidi ya 0 swali la 9. Nini kilifanyika.* Swali la 9 ndo lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, nitalieleza huko chini.

Mistari saba. Hakuna umri, hakuna jinsia, hakuna jina la shule wala kidato. Safu tatu tu: nani alikaa na mtoto, baada ya muda gani, nini kilifuata. *Mimi, siku hiyo hiyo, mama aliitwa. Mimi na matroni, siku hiyo hiyo, anaonana na mimi kila Jumanne. Mimi, kesho yake, rufaa Mirembe.* Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, Dodoma. Inaendelea hivo mpaka mstari wa saba: *Mimi, siku 9, shule ilifungwa nikamfuata kwao.*

Nikamuuliza mbona jedwali liko kwa Kiswahili. Akasema, "Nililitoa kwenye daftari langu, sikulitafsiri."

Nikamuuliza mbona sampuli ndogo hivi.

Hapa nataka niandike alivyojibu kama alivyojibu, maana ndo maneno yaliyonifuata mpaka nyumbani. Alisema, "Dokta, nilichukua watoto ninaoweza kuwafikia siku hiyo hiyo. Nikichukua mia tano, wakatokea thelathini wamejibu vile, mimi niko mmoja."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaandika: *Mbinu, 10. Sampuli ndogo, hajaonyesha ukokotoaji wa sampuli.*

Nikaenda bango la kumi na mbili.

## Chumba cha majaji

Tulikaa baada ya chakula cha mchana, kachumba ka ghorofa ya pili, kiyoyozi kinapuliza baridi ya Njombe. Mwenyekiti wetu ni Prof mmoja mtu mzima, amefundisha nusu ya waliokuwa mle ukumbini, mimi mwenyewe alinifundisha, na namheshimu mpaka kesho. Alipofika kwenye lile bango akavua miwani. "Siku tisa. Mtoto kajibu vile na amekaa siku tisa hajaonwa. Hii ni kasoro ya kimaadili kabisa, na mtu anaiweka kwenye bango?"

Jaji wa pili akasema na lugha mbili kwenye bango moja haijakaa vizuri.

Mimi nikasema, na sampuli ni ndogo.

Basi. Haikufika dakika. Tukahamia kwa yule kijana wa jukwaani, na hapo kila mtu uso ukachangamka, maana kiukweli aliwasilisha vizuri: shule nyingi, watoto mamia kwa mamia, slaidi safi, sauti imetulia, amemaliza na sekunde zake zimebaki. Nae alitumia dodoso lile lile. Kipindi cha maswali mimi ndo nilipewa maiki kwa upande wa majaji, nikamuuliza amefanyaje na fomu ambazo hazikujazwa zote. Akajibu vizuri sana.

Wale waliojibu swali la tisa walikuwa wangapi na sasa hivi wako wapi, hakuna aliyemuuliza. Na maiki nilikuwa nayo mimi.

## Swali lenyewe

Kwa ambao hamshindi na madodoso, hili linaitwa PHQ-9. Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams walilichapisha 2001. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajibu kuanzia 0, haikutokea kabisa, mpaka 3, karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 kwenda juu watafiti wengi wanahesabu kwamba huyu ana dalili za sonona za kuangaliwa. Manane ya mwanzo ni usingizi, hamu ya kula, uchovu, kushindwa kutulia na mengine ya aina hiyo. La tisa linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba heri ungekufa, au ya kujidhuru.

Sasa fikiria mtoto ameweka 2 kwenye la tisa, halafu huku kwingine ameweka sifuri sifuri na moja moja, jumla yake 6. Kwenye slaidi huyo anaingia kundi la dalili ndogo. Rangi ya kijani. Mtafiti anasema habari njema ni kwamba wengi wako hapa, na mtoto yuko hapo hapo ndani ya kijani, na ukumbi unaitikia.

Mi mwenyewe nimechora slaidi za hivo.

Na kuna kitu ambacho kila mtafiti wa fani hii anakijua: lipo toleo la maswali manane, PHQ-8, ni dodoso hilo hilo, swali la tisa likiwa limeondolewa. Linatumika sana pale ambapo mtafiti hataweza kumfuata mtu kwa haraka baada ya kujibu. Ule utafiti wa Tom Osborn na wenzake Kenya, uliotoka 2021 kwenye JAMA Psychiatry, wanafunzi 413, vikao vinne vinavyoendeshwa na vijana waliotoka sekondari juzi juzi tu, kundi la kulinganisha nalo likafundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule, ule ulitumia maswali manane. Kwa hiyo njia ipo, halali, inachapishwa kwenye majarida makubwa kabisa. Anayeweka swali la tisa ameamua kuliweka.

Msinielewe vibaya, sisemi tusiulize. Ile hofu kwamba ukimuuliza mtoto kuhusu kujiua unampandikizia wazo ilishapimwa zamani, Madelyn Gould na wenzake walichapisha 2005 utafiti wa wanafunzi 2,342 wa sekondari jimbo la New York, walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya ambao hawakuulizwa. Kumuuliza mtoto hakumdhuru.

Ila ukishamuuliza na akakujibu, anakaa anasubiri. Mtoto hajui kwamba hiyo ni data.

## Kwa nini sikuuliza

Wiki ya kwanza nilijiambia ni muda. Wiki ya pili nikasema ni fomu, fomu haina huo mstari, jaji anahukumu kwa fomu aliyopewa. Nikalala vizuri kama siku mbili.

Halafu siku moja natafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu juu ya kabati nikakutana na boksi.

Ni lile la rimu za karatasi, nimeliandika ubavuni kwa maka pen, *data 2012*. Hizo ni fomu za utafiti wangu wa masters. Nilipita shule za sekondari na wasaidizi wawili, tukawagawia watoto penseli na raba, tukakusanya, tukashukuru, tukapewa soda ofisini kwa mkuu wa shule, tukaondoka. Kibali cha maadili nilikuwa nacho. Ridhaa za wazazi nilikuwa nazo. Fomu hazina majina, zina namba tu, na hilo nililiandika kwenye tasnifu kwa kujivunia.

Kuingiza data nilianza wiki ya tatu baadae, usiku, watoto wameshalala.

Kuna fomu moja naikumbuka mpaka leo na sikuhitaji kuitafuta, nilifungua tu boksi nikaanza kupekua na ikaja. Swali la tisa, kuna alama ya vema kwenye 3. Imefutwa. Alama kwenye 0, imefutwa. Halafu 3 tena. Pale alipofuta karatasi imekonda mpaka ukiinyanyua kwenye taa mwanga unapita. Huyo mtoto alikaa kwenye lile dawati akashindana na nafsi yake, akasema, akakana, akasema tena, na huku mimi niko mbele ya darasa naangalia saa niwahi shule nyingine.

Usiku ule nilipoifikia nilisimama kidogo. Nilijua kabisa nimeona nini. Nikaangalia namba ya fomu, namba hainipeleki kwa mtu, na kidato cha nne walikuwa wameshamaliza mitihani wametawanyika.

Nikaandika 3 kwenye kisanduku. Nikabonyeza mshale wa chini.

Tasnifu ikapita. Ndani yake kuna sentensi moja ya asilimia kuhusu hilo swali, ina desimali.

Kwa hiyo pale ukumbini na maiki mkononi, sikuacha kuuliza kwa sababu ya muda wala fomu. Ningemuuliza yule kijana ningekuwa namuuliza kitu ambacho mimi mwenyewe sina jibu lake. Na lile jedwali la manila, nikiwa mkweli, niliondoka haraka pale kwa sababu liliniuma. Ile 10 ya mbinu niliiandika nikiwa nimeumia.

## Nikamwandikia mshindi

Ilinichukua siku nne kuandika meseji ya mistari mitano. Kijana ni Mkenya, mstaarabu sana, akajibu usiku ule ule, ndefu. Nafupisha kwa ruhusa yake.

Alisema fomu zao hazikuwa na majina, kamati ya maadili ndo ilitaka hivyo. Na walimu wakuu nao walikuwa hawataki kabisa jina lionekane karibu na swali kama hilo, maana wakati wanakusanya data kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilikuwa bado kinafanya kujaribu kujiua ni kosa la jinai, Mahakama Kuu imekitamka kuwa kinyume na Katiba Januari 2025 tu hapa. Kuwaza siyo kujaribu, tunajua, lakini mwambie hilo mkuu wa shule anayeogopa polisi na magazeti. Mwisho walimpa kila mkuu wa shule ripoti ya jumla na namba ya simu ya watoto, 116.

Halafu akamaliza hivi: "Madam, hata mimi hiyo kitu imenisumbua. Ningefanya aje?"

Swali lake ni la haki na nimelizunguka sana. Maana angalia upande wa pili. Yule muuguzi aliwaambia watoto kabla hawajaanza: juu ya karatasi kuna kipande chenye namba, mimi peke yangu nina orodha ya majina, ukijibu hivi kwenye la tisa nitakuja tuongee, sitakutangaza. Mtoto akishajua hivyo, si wapo watakaoweka 0 ili wasifuatwe? Wapo, lazima. Ina maana hesabu yake iko chini ya ukweli, na ya yule kijana, ambayo haina jina la mtu, huenda iko karibu zaidi na ukweli wenyewe. Kama unataka kujua tatizo ni kubwa kiasi gani ili uombe bajeti wizarani, unamhitaji yule kijana. Hilo silikatai, na ndo maana sitaki mtu asome hapa aseme mshindi hakustahili, kazi yake ni nzuri na inahitajika.

Lakini angeweza kutumia maswali manane. Au angeweza kuchukua shule chache kwa siku na mnasihi mmoja amekaa chumba cha pili anasubiri. Au kama ni bila majina basi fomu zisomwe siku ile ile kabla watoto hawajatoka, na aje mtu azungumze na darasa zima, polepole, awaambie nani anapatikana na wapi, ili hata yule asiyejulikana asikie. Nilimwandikia hayo matatu. Akajibu, "Hiyo ya tatu tungeweza." Baada ya hapo hakuna kati yetu aliyeandika kitu mpaka kesho yake.

## Maksi zangu mwenyewe

Nilimwomba binti wa sekretarieti anitumie nakala ya fomu zangu. Za yule kijana: 18, 18, 18, 19, 18. Za yule dada: 13, 10, 12, 13, 13.

Ukiziangalia unaona kabisa sikupima vitu vitano. Nilipima kitu kimoja nikakiandika mara tano. Edward Thorndike aliliona hili 1920, alichukua maksi ambazo maofisa wa jeshi la Marekani waliwapa askari wao, akili, umbo, uongozi, tabia, akakuta zote zinatembea pamoja kuliko inavyowezekana, kwamba ofisa akishampenda mtu kwa kimoja anampa na vingine. Naifundisha hii. Kila mwaka naifundisha, na slaidi yake ninayo.

Na zamu nayo. Kuna wachumi walichunguza mashindano ya piano ya Queen Elisabeth kule Brussels, ambako nani apige siku gani inaamuliwa kwa bahati nasibu, wakakuta wanaopiga siku za mwisho wanashika nafasi nzuri zaidi kuliko wa siku ya kwanza. Majaji pale ni wanamuziki wakubwa wa dunia, wamekaa kwenye viti, kimya kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido na sambusa kwenye tishu nampa mtu dakika mbili halafu naandika 10.

Kuna wakati hizi wiki nilifika mahali nikasema tuzo zenyewe tuziache. IACAPAP, chama cha dunia cha fani yetu, kwenye makongamano yake ya kila baada ya miaka miwili, lile lililokuwa Durban 2014, Dubai 2022, Rio de Janeiro 2024, wana mpango unaoitwa kwa jina la Donald Cohen tangu 2004 ambapo watafiti vijana wanakaa na wakongwe wa fani wanaowalea kwenye vikundi vidogo siku zote za kongamano, kazi zao zinajadiliwa polepole. Nikafikiri labda tufanye hivyo, hakuna wa kwanza wala wa pili. Ila nikakumbuka yule dada alivyosafiri siku nzima na manila yake kwenye basi. Angepata kile cheti angekibandika pale ofisini kwake wilayani, na DMO wake, mganga mkuu wa wilaya, angekiona. Labda angepewa pikipiki ya idara, ama mtu wa pili wa kumsaidia. Kwa mtu wa Dar cheti ni karatasi. Kwake yeye kingefanya kazi.

## Mstari wa sita

Niliwapigia waandaaji. Walinisikiliza vizuri, wakaniambia basi andika huo mstari tuuone kwenye kikao.

Nimeuandika mara nyingi mpaka nimeishia hapa: *Mtoto aliyeonyesha yuko hatarini wakati wa utafiti huu alifikiwaje, na nani, baada ya muda gani?* 

Jaji wa pili anataka upewe maksi 10. Mimi sitaki upewe maksi. Ukiupa maksi 10 mtu ataukosa huo mstari wote apate 90 na ashinde, na sisi tutasaini. Nataka ujibiwe kabla, wakati wa kutuma muhtasari, na asiyejibu asiingie kwenye kushindania tuzo, awasilishe tu kama wengine. Wakasema tutafukuza watu. Inawezekana. Nimewaambia hata mimi wa 2012 ningefukuzwa, na ingekuwa sawa.

Na Prof nilimpigia. Hili ndo lilikuwa gumu kuliko yote, kumpigia mwalimu wako kumwambia nadhani tulikosea. Nikamwambia, Prof, ile siku tisa, sisi tumeijua kwa sababu yeye kaiandika. Wale wengine wote waliouliza swali la tisa hatujui ni siku ngapi. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Unaposema hivyo nakumbuka wa kwangu," akanisimulia kitu cha miaka mingi nyuma ambacho siwezi kukiandika hapa kwa sababu ni chake. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima.

Kikao cha waandaaji ni mwezi ujao. Prof amesema atakuja.

## Siku tisa

Yule dada nilimtafuta mwisho kabisa, kwa sababu nilikuwa naogopa. Namba niliipata kwenye orodha ya washiriki. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ni yule jaji wa korido, nikamwomba radhi kwa dakika mbili na kwa ile 10. Akasema hamna shida dokta, mimi nilifurahi tu watu wameona. Nikamwambia hapana, shida ipo, naomba uniache niseme. Akaniacha nikasema.

Kisha nikamuuliza kama anaweza kuniambia kuhusu mstari wa saba, bila kunitajia chochote cha kumtambulisha mtoto.

Akanitumia voisi noti jioni, nyuma yake kuku wanasikika.

Anasema shule ilifungwa ghafla kesho yake tu, na yeye siku ile alikuwa na wengine wawili wa haraka zaidi, huyu akasema atamwona asubuhi. Asubuhi hakuna mtoto. Ilibidi atafute anakoishi kwa kupitia kwa mwalimu, na mwalimu nae kasafiri, na siku zinakwenda, na anasema hizo siku alikuwa hata chakula hali vizuri. Siku ya tisa akapanda bodaboda. Akamkuta mtoto na bibi yake uani, wameweka ungo, wanachambua maharage. Bibi akamkaribisha kigoda. Hakumwambia bibi amefuata nini, alisema tu anatoka hospitali anapita kuwasalimia watoto wa shule.

"Nikaanza kuchambua na mimi," anasema. "Tumechambua mpaka jua limeshuka, hajasema kitu, na mimi sijamuuliza. Nilivyoaga ndo akasema, utakuja tena? Nikamwambia kesho. Nikarudi kesho, kulikuwa na maharage yamebaki kidogo, na hiyo siku akaongea."